Shangazi, kila mtu ananiuliza nani alinishtua

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 49, mama wa watoto wanne, naishi Morogoro. Riziki yangu ni chapati na supu karibu na stendi ya Msamvu, mwaka wa 13 sasa. Sigara sivuti, pombe sijui hata ladha yake, na mwili wangu ni wa kawaida tu, si mnene si mwembamba. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo maswali ya kwanza ninayoulizwa.

Miezi minne iliyopita niliamka saa kumi alfajiri kukanda unga kama siku zote. Nilikuwa nimefika nusu ya beseni nikasikia taya la kushoto linauma, kule nyuma penye jino lililowahi kuzibwa. Nikajiambia jino limeanza tena. Kisha likaja jasho. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba, lakini jasho lilinitoka mpaka likadondokea kwenye unga, na nilichowaza ni kwamba unga umeharibika, wateja nitawapa nini. Mkono ukawa mzito kama si wangu. Kichefuchefu kikanishika, nikakaa kwenye kigoda. Mume wangu akanikorogea ile dawa ya unga ya gesi. Nikabeua mara mbili, nikapata nafuu kidogo, tukasema basi, ni gesi.

Saa mbili asubuhi nikaenda zahanati. Aliyenipokea akaniuliza, "Mama, kifua kinauma?" Nikamjibu, "Hakiumi, kinabana, kama nimebebeshwa gunia la sembe." Akaandika. Akanibonyeza hapa penye chembe cha moyo, nikaguna. Akasema vidonda vya tumbo, tena nipunguze mawazo. Nikapewa vidonge, nikarudi nyumbani, nikashinda kitandani. Usiku nikashindwa kulala chali, pumzi hazitoshi. Mume wangu alisema tungoje kukuche. Aliyekataa ni binti yangu wa pili. Alitoka saa tano usiku peke yake akarudi na bajaji.

Hospitali ya pili wakaniwekea nyaya kifuani, wakatoa damu, daktari akarudi anatembea haraka. "Mama, umepata mshtuko wa moyo. Na si wa leo usiku, ni tangu alfajiri." Kesho yake nikapelekwa Dar kwa gari la wagonjwa. Njia nzima niliangalia dripu inavyoyumba. Kibaha tulikuta foleni nikajua nafia pale. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete waliingiza mrija kupitia kifundo cha mkono nikiwa macho. Niliiona mishipa ya moyo wangu kwenye skrini, imetandaa kama mizizi, na mmoja umekatika njiani. Wakaniwekea stenti mbili, vile vyavu vidogo vya kuushikilia mshipa ubaki wazi. Nikaona mzizi ule unajaa tena. Nililia, yule nesi akadhani naumwa.

Sasa shida yangu. Kila anayekuja kunitazama anauliza, "Ulishtuliwa na nini?" Mama mkwe anasema niliweka mambo moyoni. Wifi anasema nimetupiwa. Na mume wangu, Shangazi, amejiamulia kwamba ni yeye. Usiku wa kuamkia siku ile tulibishana kuhusu ada ya shule, si ugomvi mkubwa, tukalala. Lakini tangu nilipotoka hospitali analala kwenye kochi sebuleni. Hanigusi. Hanibishii hata nikikosea. Nikisema chai haina sukari anasimama kama askari. Naona naishi na mgeni.

Vidonge ni aina tano, na kimoja ni ghali. Najisikia mzima, na kwenye kikoba bado nadaiwa 640,000 za matibabu, kwa hiyo nawaza kuviacha. Wifi ameniletea chupa ya kitunguu saumu, tangawizi na limau vilivyosagwa, anasema inazibua mishipa. Mgongo nao unaniuma, nameza diklofenaki za duka la dawa. Usiku naamka, naweka vidole shingoni, nahesabu mapigo mpaka adhana ya alfajiri.

Nikupe na haya, huenda yanahusu. Mimba yangu ya mwisho nilipandwa na presha nikafanyiwa upasuaji, na tangu hapo sikupima tena. Mama yangu alifariki akiwa na miaka 58. Alisema amechoka, akalala, hakuamka.

Hasira niliyo nayo kwa yule mtu wa zahanati siwezi kuieleza. Na ninachoogopa zaidi ni hiki: ikirudi, nitajuaje? Na nikijua, nani ataniamini?

Mama Chapati, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kukaa kwenye kiti hiki nilikuwa muuguzi wa wodi. Kwa hiyo nianze na deni langu. Miaka mingi iliyopita alikuja mama mmoja, muuza mboga, usiku, anatokwa jasho na kutapika. Nilimwambia ni gesi. Nilimpa maji ya uvuguvugu nikamwambia akae kwenye benchi asubiri daktari. Alisubiri. Alfajiri alikuwa bado amekaa vile vile, mkoba mapajani, na hakuwa hai. Sijawahi kuliandika jambo hili popote. Nalisema kwako ili ujue kwamba anayekujibu amewahi kuwa yule mtu wa zahanati.

Hakuna aliyekushtua. Hilo likae kwanza, kwa sababu naona ndilo linaloivuruga nyumba yako. Kiswahili chetu kimetuponza hapa. Tunasema "mshtuko wa moyo", na mtu akisikia mshtuko anatafuta aliyeshtua. Tena moyo kwetu ndio nyumba ya mambo yote: tunaweka mambo moyoni, tunavunjika moyo, tunafanya moyo mgumu. Lakini ule uliouona kwenye skrini ni msuli, mkubwa kama ngumi yako, na kama msuli wowote unalishwa na mishipa ya damu. Ndani ya mishipa hiyo mafuta hujijenga kidogo kidogo, miaka na miaka, kama ukoko ndani ya sufuria. Siku moja ukoko unapasuka, damu inagandia pale pale, njia inaziba. Msuli ulio mbele ya kizibo unakosa hewa na kuanza kufa. Madaktari wengi siku hizi wanaita shambulio la moyo, nami naona jina hilo lina afadhali, ingawa nalo litawafanya watu waulize nani alikushambulia.

Sitakudanganya kwamba hasira haina neno. Hasira kali inaweza kuwa cheche. Lakini cheche haiunguzi pasipo petroli, na petroli yako ilianza kumwagwa zamani. Tena ninyi mlibishana, mkalala. Kuna ugonjwa mwingine ambao kweli moyo hulegea ghafla kwa msiba au fadhaa kubwa, na huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990 wakauita takotsubo, jina la chungu chao cha kuvulia pweza, kwa kuwa moyo huvimba chini ukabaki mwembamba shingoni kama chungu hicho. (Mimi niliyekulia Pangani, ambako pweza tunamchokoa kwa mchokoo, nilicheka niliposoma.) Ila katika ugonjwa huo mishipa huwa wazi. Wako ulikuwa umeziba, umeuona kwa macho yako, na stenti mbili zimo ndani. Msomee mumeo aya hii kwa sauti.

Petroli ilitoka wapi? Umeniandikia mwenyewe pale mwishoni, kama jambo dogo. Presha ya mimba huwa tunaichukulia kama dhoruba: mtoto ametoka, imepita. Haijapita. Mwanamke aliyepata presha ya mimba au kifafa cha mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo miaka ya baadaye, na alipaswa kupimwa kila mwaka maisha yake yote. Nani alikwambia? Hakuna. Mama yako naye, aliyelala asiamke akiwa na miaka 58, siwezi kuapa kilichomchukua, lakini ndugu zako wote wakapime presha, sukari na lehemu (mafuta ya kwenye damu) mwezi huu, bila kusubiri waumwe. Kisha kuna kukaribia kukoma hedhi, wakati ambao kinga aliyokuwa nayo mwanamke inapungua. Na sigara huvuti, sawa, lakini moshi wa mkaa umeuvuta miaka 13 ukiwa umeinamia jiko. Moshi wa jikoni nao unaharibu mishipa. Hatuuhesabu kwa sababu haununuliwi kwenye pakiti.

Hiyo supu nayo, unaionja mara ngapi kwa siku? Mpishi hajui chumvi aliyokula kwa sababu hakuila kwenye sahani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, chumvi yote ya siku nzima ikiwamo. Mpe binti aonje.

Twende zahanati. Nimerudia pale mara kadhaa. Alikuuliza kifua kinauma, ukamjibu hakiumi, kinabana. Ulimjibu sahihi kabisa, tena kwa lugha nzuri kuliko ya vitabu! Gunia la sembe kifuani ndiyo dalili yenyewe. Yeye alisikia "hakiumi" akafunga mlango. Watu wanasema siku hizi kwamba mwanamke haumwi kifua akipata shambulio la moyo. Si kweli, wengi wanapata kitu kifuani, isipokuwa wanakiita kubana, kujaa, kuwaka, uzito. Halafu wana mengine juu yake kuliko wanaume: taya, mgongo, kichefuchefu, pumzi fupi, uchovu usio na sababu. Ukiyataja yote, msikilizaji anachukua lile analolijua. Akakubonyeza chembe cha moyo akaona tumbo, na waliopaita mahali pale chembe cha moyo hawakusema chembe cha tumbo.

Wala si Morogoro peke yake. Mwaka 1991 Bernadine Healy, daktari wa moyo aliyekuwa akiongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliandika kwamba mwanamke hana budi kuonekana mgonjwa wa moyo kama mwanamume ndipo atibiwe kama mwanamume. Miaka yote hii, na mama bado anapewa dawa ya vidonda na kuambiwa apunguze mawazo. Hasira yako ina haki. Kama unaweza, rudi pale ukiwa na karatasi zako za Dar, mwombe mganga mfawidhi wa zahanati dakika kumi, umweleze mlivyoongea, neno kwa neno. Usiende kutukana. Mimi mtoto wa yule mama wa mboga angekuja kunisimulia, nisingesahau tena.

Unauliza utajuaje. Umeshaujua mwili wako unavyosema: taya, jasho la baridi, mkono, kubana. Ikirudi kwa sura ile au inayofanana nayo, na isitulie ndani ya dakika tano ukiwa umekaa, ni safari ya hospitali. Kaa chini, usitembeetembee. Kama ulipewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kiweke kama walivyokuelekeza. Aspirini ya miligramu 300 tafuna, usimeze nzima. Zile ndogo za 75 ni nne, ilimradi huna mzio nayo na hutoki damu mahali. Kisha bajaji, gari la jirani, chochote chenye magurudumu ambacho wewe huendeshi. Usingoje kukuche. Binti yako wa pili aliyajua hayo bila kufundishwa, na kama hujampikia pilau, mpikie. Ya mafuta kidogo.

Kile kichomo cha sindano kinachokuja sekunde mbili unapojigeuza kikapotea, mara nyingi si mshipa. Kitaje kliniki, lakini kisikufanye uamshe nyumba nzima.

Unauliza nani atakuamini. Hapa nakupa maneno ya kusema ukifika mapokezi, na uyaseme kabla hujaulizwa lolote: "Nimewahi kupata shambulio la moyo, nina stenti mbili, kifua kinabana, naomba ECG sasa." ECG ni kile kipimo cha nyaya kifuani. Usianze na jino. Usianze na tumbo. Usiseme "samahani nawasumbua". Barua ya kuruhusiwa hospitali itolewe nakala tatu: moja kwenye mkoba, moja kwenye simu kama picha, moja kwa binti. Na kipimo cha kwanza kikitoka safi, usikubali kurudishwa nyumbani hapo hapo. ECG huweza kuonekana nzuri mwanzoni. Hurudiwa, na damu hupimwa troponini, kitu kinachovuja msuli wa moyo unapoumia, kisha hupimwa tena baada ya saa kadhaa.

Dawa sasa, na hapa nitakuwa mkali. Usiache. Unajisikia mzima kwa sababu unazimeza. Stenti ni wavu wa chuma, na damu ikikutana na chuma hutaka kuganda. Aspirini na klopidogreli ndizo zinazozuia mpaka ngozi ya ndani ya mshipa iufunike ule wavu. Klopidogreli kwa kawaida huendelea hadi miezi 12, aspirini kwa wengi ni ya maisha. Wewe uko mwezi wa nne. Ukiacha leo kwa sababu ya kikoba, stenti inaweza kuziba ghafla, na safari hiyo Kibaha huenda usiione. Siku ya kliniki mwambie daktari waziwazi, "Hii siimudu." Dawa nyingi zina aina ya bei nafuu yenye kazi ile ile. Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii kwa mambo haya haya, nenda ukagonge. Na mwenyekiti wa kikoba naye ana masikio, omba kupangiwa upya.

Chupa ya wifi: kitunguu saumu na tangawizi vya kwenye mchuzi kula kwa raha zako. Kikombe kilichokolezwa kila asubuhi juu ya dawa mbili zinazozuia damu kuganda, hapana, unaweza kutoka damu. Wala hakuna kinywaji kinachozibua mshipa kama mtu anavyozibua bomba la sinki. Mwambie wifi ahsante, aniletee mimi.

Lakini kilichonifanya nisimame nilipokuwa nasoma ni diklofenaki. Tunazimeza kama karanga. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwamo, huongeza hatari ya shambulio la moyo na huchubua tumbo likatoka damu, na kwako wewe hatari ni maradufu. Acha leo. Mgongo ukiuma, parasetamoli kwa kipimo chake, na upunguze kinachouumiza: beseni la unga akande mwingine, wewe usukume na kuchoma, jiko liwe uwanjani penye hewa. Kazi usiache, hata kama mumeo angependa. Anza nusu siku. Tembea kila siku, dakika kumi, baadaye nusu saa, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Kuhesabu mapigo usiku kunawapata wengi waliopitia ulikopita, wala si wazimu wala si kutupiwa. Kama huzuni na kukosa usingizi vimeshika wiki baada ya wiki, vitaje kliniki kama unavyotaja kifua. Vina tiba, na moyo wenye huzuni hupona polepole.

Kuhusu mumeo. Yeye ndiye aliyesema gesi, ndiye aliyesema tungoje kukuche. Sidhani kama ni ada ya shule tu inayomlaza sebuleni. Usimngoje aseme. Siku ya kliniki nenda naye, na asikae nje kwenye benchi, aingie ndani, aulize mwenyewe mbele yako: naweza kumbishia mke wangu? Naweza kulala naye? Kipimo ambacho madaktari wengi hutumia ni hiki: ukipanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana na bila kuhema kupita kiasi, tendo la ndoa halikushindi. Kwa miezi minne, na kwa unavyoeleza, sitashangaa akitoka pale anacheka.

Na kabla ya siku hiyo arudi chumbani, hata kama ni kulala tu. Kochi litamuumiza mgongo, na sitaki naye aanze kutumwa duka la dawa.

Shangazi